Harusi Iliyokatika Dakika ya Tisa

Themi, Arusha
Jumanne, 4 Machi 2025

Dada Shaista,

Shikamoo. Ni mimi Nashipae, binti wa mama anayewaletea maziwa kutoka Kisongo, yule uliyemfundisha seva, ile kompyuta ya kutunzia video za studio, kwa siku sita mwezi wa kwanza kabla hujarudi Mwanza kwa shemeji. Labda umenisahau kwa sababu sikuongea sana. Nakuandikia barua pepe kwa sababu simu siwezi. Nikisikia mtu anasema "haloo" maneno yote yananipotea. Tena Mzee ametukataza. Alisema mbele ya mpishi na mlinzi: "Shaista ameambiwa na daktari alale mpaka ajifungue. Atakayempigia kumuuliza mambo ya kompyuta, atanitambua." Tafadhali usimwambie baba yako kwamba nimekuandikia.

Kazi inaenda. Picha za zamani za studio nimeshaziskani hadi mwaka 1994. Kila asubuhi Mzee akimaliza chai anakuja mlangoni na kuuliza, "Binti, leo tuna tera ngapi?" Namsomea namba ya nafasi iliyobaki, naye anafurahi kama mtu aliyesikia mvua imenyesha shambani kwake. Siku hizi namba ni tera tano na nusu.

Lakini dada, nafasi hiyo ipo na haipo. Nikitaka kuingiza video mpya, seva inakataa, inasema imejaa. Kadi za kamera za kipaimara cha juzi sijazifuta, nimezifungia kwenye bahasha.

Hilo ni dogo. Kubwa ni hili. Jana alikuja Mama Namnyaki, mteja wenu wa zamani. Mwaka 2021 mlipiga video ya harusi ya binti yake, Namnyaki, aliyeolewa Kikatiti. Mzee Abdiel, babu wa bwana harusi, hajakanyaga nyumba ya maharusi tangu siku ile. Anasema hakuitwa kutoa baraka ukumbini, na kwamba Mama Namnyaki ndiye aliyelikata jina lake kwenye ratiba. Mama Namnyaki anasema aliitwa, tena mara mbili. Sasa mtoto wa Namnyaki anabatizwa Pasaka, na babu amesema, "Kama sikuitwa kwenye harusi, sina kazi kwenye ubatizo." Wazee wa pande zote mbili wamekubaliana wakutane Kikatiti Jumamosi ya tarehe 15, waitazame video waone nani mkweli. Flashi waliyopewa wao ilishajazwa nyimbo za kwaya. Iliyobaki ni yetu tu.

Mama Namnyaki alinishika mkono akasema, "Mwanangu, miaka minne naitwa mwongo na wakwe. Nitafutie tu hiyo video."

Nimeifungua. Inacheza dakika tisa. Maharusi wanaingia ukumbini, wanakaribia viti vyao, halafu inakatika. Baraka ziko mbele huko na hazionekani. Sijui imekuwaje. Nifanye nini?

Wako,
Nashipae


Mwanza
Jumatano, 5 Machi 2025

Nashipae mdogo wangu,

Marahaba. Nikusahau vipi? Wewe ndiye mwanafunzi pekee aliyeandika daftarini kila nilichosema, nadhani hata nilipopiga chafya uliandika. Usiogope kuniandikia. Mimi ni mzima, nimelala tu kama mamba juani, nakula machungwa na kuhesabu mbao za dari. Mume wangu ameifungia kompyuta kabatini lakini simu ameisahau. Kwa hiyo Baba asijue, na huyu naye asijue.

Kuhusu nafasi: namba anayoipenda Baba ni jumla ya diski zote. Seva yetu ni kama nyumba yenye vyumba vinne na mlango mmoja mkubwa. Ukipita mlango mkubwa unaona kila kitu pamoja, lakini kila faili linalala kwenye chumba chake. Mimi niliweka sheria kwamba faili jipya liende chumba kilekile ilipo folda yake, ili diski moja ikifa tusije tukabaki na nusu ya kila harusi ya Arusha. Folda ya Sherehe iko diski ya kwanza, nayo bila shaka imejaa. Vyumba vingine vikiwa vitupu, haviisaidii. Nitaibadilisha sheria hiyo nikija. Kadi ziache kwenye bahasha, umefanya vizuri.

Ila tera tano na nusu zinanishangaza. Niliondoka zikiwa mbili. Hebu soma tena, labda umesoma vibaya.

Kuhusu harusi ya Namnyaki: faili limeoza tu, hutokea kwa diski za zamani. Lifute. Kisha chukua nakala kwenye diski ya akiba, ile nyeusi iliyo kwenye droo ya chini ya kabati la Baba, ina kila kitu hadi mwaka 2022. Anza na kufuta, maana diski ya kwanza imejaa na bila kufuta hutapata pa kuliweka jipya. Ni kazi ya nusu saa. Mama Namnyaki atapata ushahidi wake, na wewe utalala.

Dada yako,
Shaista


Themi
Alhamisi, 6 Machi 2025

Dada Shaista,

Shikamoo. Nimeangalia droo. Kuna tai tatu, albamu moja na kopo la biskuti lenye betri za kamera. Diski nyeusi haipo.

Mpishi ameniambia iliko. Mwezi wa pili namba ilishuka chini ya tera mbili, Mzee akakosa raha. Akaiona ile diski imelala kwenye droo, akamwita fundi, fundi akaifuta yote na kuiunga kwenye seva na zile nyingine. Kwa hiyo sikusoma vibaya, dada. Vyumba ni vitano. Nilikuwa najua kwamba viko vitano, ila sikujua kwamba cha tano ndicho kilikuwa akiba yetu.

Sijafuta. Nilifika mpaka pale inapouliza una uhakika, nikarudi. Nimefika hapo mara tatu. Najua umeniambia nifute, lakini dakika tisa ni zaidi ya sifuri, na sina pengine pa kuipata harusi hiyo.

Naomba unijibu leo ukiweza.

Nashipae


Themi
Jumapili, 9 Machi 2025

Dada Shaista,

Shikamoo. Ni siku ya tatu hujajibu. Nadhani umeshajua na umekasirika, na ni haki yako. Nilikuandikia "sijui imekuwaje" na huo ulikuwa uongo. Ninajua.

Ni mimi.

Kwenye daftari langu nimeandika kwa wino mwekundu maneno yako: usiingie kwenye diski moja moja, pitia mlango mkubwa tu. Alhamisi ya tarehe 27 mwezi wa pili, seva ilipokataa kazi mpya, niliingia nyuma. Nikaona diski ya kwanza imejaa hadi shingoni na ya tano ni tupu kabisa. Nyumbani kwetu gunia likijaa mpaka mshono unaachia, tunapunguzia jingine, hakuna anayeomba ruhusa kwa hilo. Nikaona nami nipunguze. Nikaishika folda ya harusi za 2021 nikaanza kuihamisha kutoka ya kwanza kwenda ya tano. Nilijisikia mtu mwenye akili sana.

Saa nane mchana mvua ilikuja na umeme ukakatika. Ile UPS, betri ya kushikilia umeme, haikushika hata dakika moja. Umeme uliporudi nilizifungua video moja baada ya nyingine. Zilizokwisha kuvuka zilikuwa nzima, na ambazo hazijaanza kuvuka zilikuwa nzima. Iliyokuwa njiani ilikuwa moja tu, ya Namnyaki. Nikanyamaza. Nilijiambia kati ya harusi zote hizo, nani ataitaka ile? Siku nne baadaye akaingia mama yake.

Jana alipita tena na kibuyu cha maziwa ya mgando. Alisema, "Haya ni ya kukushukuru mapema." Yako hapa mezani, sijaweza kuyanywa. Mzee naye alisimama mlangoni akanitazama akasema, "Nashipae, wewe mbona unaongea na seva kuliko unavyoongea na mimi?" Nikasema hapana Mzee, nikakimbilia jikoni.

Kama ni kuacha kazi, nitaacha. Matokeo yangu ya kidato cha nne ni mazuri, nitasubiri nyumbani kuchaguliwa kidato cha tano. Lakini Mama Namnyaki nataka nimwambie mimi mwenyewe, kabla hajasimama mbele ya wakwe mikono mitupu. Maneno ya kumwambia nimeshayaandika kwenye karatasi, nikishindwa kusema nitampa asome.

Nisamehe.
Nashipae


Mwanza
Jumanne, 11 Machi 2025

Nashipae,

USIFUTE CHOCHOTE.

Nimelitanguliza hilo ili hata ukisoma mstari mmoja tu uwe umelipata.

Sikukasirika. Nilikuwa hospitali. Barua yako ya Alhamisi ilinikuta kwenye machela, na simu ikachukuliwa. Wewe uliandika "sijui imekuwaje", mimi niliandika "nakula machungwa". Ukweli ni kwamba presha yangu imekuwa ikipanda tangu mwezi wa pili, na Baba hajui hata nusu yake, maana akijua ataendesha gari usiku kucha kuja huku na macho yake yale mabovu. Sasa imeshuka, wamenirudishia simu, na cha kwanza nilichosoma ni barua yako ya Jumapili. Basi tumelingana. Tuendelee.

Uliposema faili limeharibika, nilijua kitu kimoja. Uliposema ulikuwa unalihamisha, ni kitu kingine kabisa. Sikiliza. Kompyuta inapohamisha faili kutoka diski moja kwenda nyingine, hailifuti la zamani mpaka imalize kuliandika jipya. Umeme ukikatika katikati, la zamani linabaki palepale lilipokuwa, zima. Kwa hiyo naamini sasa hivi kuna harusi mbili za Namnyaki zenye jina moja: kipande cha dakika tisa kwenye diski ya tano, na harusi nzima kwenye diski ya kwanza.

Kwa nini huioni? Kwa sababu mlango mkubwa hauonyeshi majina mawili yanayofanana. Unapita vyumba kwa mpangilio ulioandikwa, ukilikuta jina unasimama hapo. Fundi wa Baba lazima aliiandika diski ya tano juu kabisa ya orodha. Kipande kimekaa mbele ya kitu kizima na kukificha.

Na hili ndilo lililonifanya nikae wima kitandani hadi nesi akanigombeza. Ukifuta kupitia mlango mkubwa, seva inalifuta jina hilo katika kila chumba. Ungefuata ushauri wangu, zingekwenda zote mbili, na akiba Baba alishaifuta. Ningekuwa nimeimaliza harusi ya watu kwa mdomo wangu mwenyewe, nimelala. Mara zile tatu ulizorudi nyuma ndizo zilizoiokoa.

Sasa ingia diski ya kwanza kwa nyuma, ndiyo, kwa ruhusa yangu. Angalia tu. Likiwepo, likopi kwenye flashi mpya, kukopi si kuhamisha. Litazame lote, mpaka watu wanaondoka ukumbini. Ukishahakikisha, kile kipande kibadilishe jina kisizuie njia. Usikifute. Mengine nitayapanga nikija: sheria mpya, faili liende diski yenye nafasi zaidi, na kila diski ibakishiwe GB mia ambazo hazijazwi kamwe. Hilo lilikuwa kosa langu, niliwaachia namba nisiwaachie maana yake.

Halafu mwambie Baba. Najua ni mlima. Lakini yeye naye ana lake la kusema.

Shaista


Themi
Jumatano, 12 Machi 2025

Dada Shaista,

Lipo!

Lipo lote, dada. Urefu wake ni saa tatu na dakika kumi na saba. Nimelikopi kwenye flashi mbili na nimelitazama mpaka mlinzi wa ukumbi anazima taa. Ilipofika dakika ya tisa nilifumba macho. Nikasikia muziki unaendelea, nikafumbua, Namnyaki alikuwa anakaa kwenye kiti chake na mtu anamtengenezea shela.

Kwenye saa mbili na dakika nne mshereheshaji anasema, "Sasa tumkaribishe Mzee wetu Abdiel atupe baraka." Kamera inageuka kumtafuta. Mzee Abdiel amelala. Amelala kabisa, kofia iko gotini na mdomo uko wazi kidogo. Mshereheshaji anaita mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi. Mama mmoja aliyekaa karibu naye anapunga mkono anasema, "Mwacheni mzee apumzike." Basi wakaendelea na keki.

Nilicheka peke yangu, halafu nikalia kidogo, halafu nikanywa maziwa yote ya kibuyu.

Kisha nikaenda kwa Mzee. Alikuwa barazani na chai yake. Nikasema, "Mzee, shikamoo."

"Umeshaniamkia asubuhi. Sema."

Nikasema. Sikutumia karatasi. Nilisimulia kuanzia kuingia nyuma, umeme, na kunyamaza kwangu. Alisikiliza mpaka chai ikaota utando. Nilipofika kwenye diski nyeusi alinyanyua mkono.

"Ngoja. Ile ilikuwa akiba?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mimi niliona chumba kitupu. Mtu wa biashara haachi chumba kitupu." Akaweka kikombe chini. "Kumbe nilivunja ghala ili niongeze uwanja. Kila asubuhi nakuuliza tera ngapi, hata siku moja sijakuuliza kuna nini ndani yake."

Nikamwambia niko tayari kuacha kazi. Akasema, "Ukiacha wewe, na mimi niache? Kesho tunakwenda mjini, diski mbili mpya za akiba na betri ya UPS. Namba ikishuka, ishuke. Ila Shaista asijue habari ya fundi."

"Ameshajua, Mzee."

"Nani kamwambia? Nilikataza kumpigia simu!"

"Hatukupigiana, Mzee. Tuliandikiana."

Akasimama. Nilidhani ananifukuza. Kisha akauliza kwa sauti ndogo unaendeleaje, ukweli, si machungwa. Sikujua amejuaje kuhusu machungwa. Kumbe hata yeye unamwandikia hayohayo. Nimemwambia ulilazwa na presha imeshuka. Nisamehe, dada, lakini nimechoka kuficha. Anakupigia sasa hivi, nasikia anatafuta miwani.

Nashipae


Mwanza
Ijumaa, 14 Machi 2025

Nashipae,

Ni msichana. Amezaliwa leo asubuhi, kilo mbili na nusu, ana sauti ya kuuza samaki. Tumetoka salama wote wawili. Daktari alisema hapakuwa na haja ya kusubiri zaidi, na Baba alifika usiku wa kuamkia leo, kwa ndege, baada ya kunigombeza kwenye simu hadi akaishiwa na lugha zote tatu.

Barua yako mume wangu alinisomea kwa sauti, kwa hiyo sasa anajua yote, na nesi pia, na mama wa kitanda cha pili. Alipofika kwenye Mzee Abdiel na kofia yake, mshono uliniuma kwa kucheka.

Baba yuko huku, kwa hiyo kesho Kikatiti utakwenda wewe. Beba flashi zote mbili na kamera ndogo. Usiseme huwezi. Mtu aliyeweza kumwambia Baba habari ya ile diski anaweza kubonyeza kitufe mbele ya wazee.

Shaista


Themi
Jumapili, 16 Machi 2025

Dada Shaista,

Shikamoo, na hongera sana. Nimefurahi mpaka mama yangu ameniuliza nimeshinda nini.

Kikatiti nilikwenda na Mama Namnyaki. Njia nzima alishika mkoba wake mapajani. Nilimwambia kila kitu kabla hatujafika, hata kuhamisha kwangu. Alisema tu, "Lakini ipo?" Nikasema ipo. Akasema, "Basi."

Sebule ilikuwa na watu kama thelathini, wengine wamesimama mlangoni. Mzee Abdiel aliwekwa kiti cha mbele, fimbo katikati ya magoti. Niliweka flashi kwenye televisheni na kusogeza hadi saa mbili kamili. Mshereheshaji akaita. Kamera ikageuka.

Mshereheshaji akaita mara ya pili.

"Huyo si mimi," akasema Mzee Abdiel.

"Kofia ni yako," akasema bibi, mke wake, bila kumtazama.

Watu walikuwa wanaogopa kucheka. Waliinamisha vichwa, mabega yanatikisika. Mzee aliomba nirudishe. Nikarudisha. Akatazama tena, akajikuna kidevu, akasema, "Pilau ya siku ile ilikuwa nzito." Hapo sebule ilipasuka kwa kicheko. Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote. Kisha akageuka, akamtafuta Mama Namnyaki kwa macho.

"Mama, nimekusema vibaya miaka minne, kwenye nyumba za watu na kanisani. Nisamehe." Mama Namnyaki akaitikia kwa kichwa na kufunga upya khanga yake ambayo haikuwa imefunguka.

Mzee akasimama. Akasema baraka zile alizozilalia zipo bado, hazijaoza. Namnyaki na mume wake wakapiga magoti, mtoto katikati yao, naye akawabariki kwa Kimeru na kwa Kiswahili, polepole, neno kwa neno. Nilirekodi.

Alipomaliza na watu wakaanza kusogea kwenye chakula, aliniita mbele ya wote. "Wewe binti wa kamera. Hii ya leo ni nzuri. Ile ya kulala, si unaweza kuifuta?"

Watu wote wakageuka kunitazama, dada, wote. Zamani ningetafuta mlango.

"Hapana, babu," nikasema, na hata waliokuwa nje walinisikia. "Hatufuti."

Mdogo wako,
Nashipae